Kiti cha Dokta na Kiti cha Solange

Ninyi mliorithi meza yangu pale Kimironko mmenitumia salamu na swali. Salamu nimezipokea. Swali lenu, eti kati ya gari la spoti la zamani na yale makubwa ya siku hizi lipi ndilo gari hasa, limenichekesha mpaka chai ikanipalia. Mnamuuliza mshona viti? Mimi injini siijui. Nikifunguliwa boneti naona vyuma tu, navyo vinaniona. Lakini nimeshona viti vya magari kwa miaka mingi kuliko umri wa mkubwa wenu, na nawaambia bila aibu: gari linajulikana kwa makalio. Kaa kwanza, ndipo useme.

Nitawajibu kwa magari mawili ya nyumba moja, maana yote mawili yamepita mikononi mwangu, na moja nusura linivunjie jina.

La kwanza ni la Dokta Gatera, daktari wa meno mstaafu wa kule Rebero. Mnalijua, lile jekundu kama tunda la kahawa lililoiva, milango miwili, pua ndefu, viti viwili tu. Ukitaka kuingia hukai, unashuka. Unatanguliza mguu mmoja, unamtaja Mungu, halafu unajiachia kama mtu anayeingia kwenye beseni. Ukishafika chini, kiti kinakushika mbavu, na barabara yote ya Kigali unaisikia kwenye mgongo, jiwe kwa jiwe. Kila tuta Dokta analipanda upande upande, polepole, huku amekunja uso kama ni yeye anayeng'olewa jino.

Nilipoletewa lile gari mara ya kwanza nilikuwa bado kwa mwalimu wangu, Mzee Rajabu wa Biryogo, ambaye babu yake alikuja kutoka Ujiji na mizigo ya chumvi na nguo, akaoa, akabaki. Mimi nilikuwa mshona magauni. Siku moja dereva wa teksi akaniomba nimzibie kiti kwa kitambaa cha pazia, Mzee Rajabu akauona ule mshono, akaniambia, "Mariamu, wewe gauni unazionea. Mkono wako ni wa ngozi." Nikahamia kwake kesho yake. Watu walisema sana, mwanamke kulala chali ndani ya magari ya watu na koleo mkononi. Walisema wakachoka.

Kiti cha Dokta nilikifungua mwenyewe. Jamani, kiti cha zamani ni mtu mkweli. Unatoa ngozi, unakuta gunia. Unatoa gunia, unakuta manyoya ya farasi na nyuzi za nazi. Unatoa hizo, unakuta springi zimefungwa kwa kamba, fundo kwa fundo, na aliyezifunga unamjua tabia yake kwa mafundo tu. Yule wa kiti cha Dokta alikuwa mvivu wa siku za mwisho wa juma, maana upande mmoja alifunga vizuri na upande wa pili kama anakimbilia basi. Niliyafungua mafundo yote nikafunga upya. Hakuna kilichofichwa. Ukifika chini umefika chini.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza kubwa, nalo mlijue msilirudie. Nilikata ngozi ya kiti cha kushoto, nikafurahi ilivyotoka, nikaweka kile kielelezo cha karatasi vilevile nikakata ya kulia. Sikukigeuza. Nikawa na viti viwili vya kushoto. Ngozi ilikuwa nyekundu, ya bei mbaya, imetoka mbali. Mzee Rajabu akaitazama, akanitazama, akasema, "Sasa tumtafutie Dokta gari lenye milango miwili upande mmoja." Hakunifukuza. Lakini tangu siku hiyo kila kielelezo naandika kwa chaki, upande huu na upande huu, hata cha mto wa kochi.

Mzee Rajabu alikuwa na sheria nyingi, na moja ilikuwa kubwa kuliko zote. Alisema uzi ukikatika kabla ya ngozi, hukushona, ulibandika. Kila mshono wangu aliupima. Aliufunga upande mmoja kwenye nguzo ya mlango, upande mwingine akawapa wanaume wawili wavute. Ukikatika, alitoka barabarani akapaza sauti Biryogo nzima isikie: "Jamani! Mshono wa Mariamu umekatika!" Muuza chapati wa ng'ambo alikuwa ananipokea kwa maneno hayo wiki nzima. Niliwahi kulia kwa ajili ya maneno hayo, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni. Kwa hiyo nikajifunza kushona usikatike. Nailoni nene, nikiipaka nta, mistari miwili, na kila nilipoanzia nikarudia mara tatu. Kiti cha Dokta kimetafunwa na jua, kimekaliwa na wagonjwa wa meno na wajukuu, lakini mshono uko palepale. Dokta alipenda kuwaonyesha wageni. Anaingiza vidole viwili, anavuta, anasema, "Mshono wa Mama Aziza haiwezi katika. Hata mimi nitakatika kwanza."

Mama Aziza ndiye mimi, baada ya kumpata huyo wa mgongoni.

Sasa gari la pili. Binti yake Dokta, Solange, alirudi kutoka ng'ambo, akapata kazi nzuri, akanunua lile gari la viti saba. Ndugu zetu wa Tanzania magari ya namna hiyo huyaita mashangingi, nami neno hilo nalipenda, linajaza mdomo kama gari lenyewe linavyojaza barabara. Kulipanda kuna ngazi. Ukikaa unawaona watu wote vichwa, wa moto, ndizo pikipiki zetu za abiria, wa baiskeli, hata wa ghorofa ya kwanza kidogo. Tuta hulisikii. Mvua huisikii. Na kiti kinakukumbuka: unabonyeza kidude, kinasogea chenyewe mbele na nyuma mpaka kipate pale ulipokaa jana. Mume wangu marehemu hakuwahi kukumbuka hata siku ya soko.

Wakati huo nilishafungua karakana yangu pale Kimironko, Solange akaja na baba yake. Viti vya shangingi vilikuwa vya kitambaa cha kijivu, naye alitaka ngozi nyekundu, kama ya gari la baba.

"Maama Aziza," aliniambia, "mi nataka ikue exactly kama ile ya Papa. Mishono ileile. Nimekaa kwa ile kiti toka mtoto, sha."

"Itakuwa," nikamjibu. "Ila hiki ni kiti kipya, mwanangu, nipe siku kumi."

"Mpe kumi na tano," Dokta akasema. "Kazi yake haikimbizwi."

Nikaanza. Mtu aliyezoea kiti cha zamani akifungua kiti cha shangingi anahisi ameingia nyumba ya mtu bila hodi. Hakuna manyoya, hakuna kamba. Kuna sponji lililomiminwa kwa kalibu, kuna mota, kuna vibati, kuna nyaya za kila rangi. Nyaya nyeusi nikajua za mota. Ubavuni, upande wa mlango, kulikuwa na kitu kama mkate umefungwa kwenye kitambaa, na waya wa njano unaingia hapo. Nikakaa nikaufikiria ule waya. Kisha nikakumbuka kuwa magari haya yanatoka nchi za baridi, na nilishasikia viti vya huko vinapashwa moto. Nikacheka peke yangu. Waya wa kupasha makalio joto! Kigali! Nikaufunika vizuri usije ukamkwaruza mtu, nikavuta ngozi juu yake kwa nguvu, nikashona.

Nilishona kama sijawahi kushona. Nailoni ileile nene, nta, mistari miwili. Ubavuni nilikuta mshono wa kiwandani mnyonge sana, uzi mwembamba unaokatika kwa kucha, nikawahurumia mafundi wa huko, nikasema labda wanalipwa vibaya. Pale nikaongeza mstari wa tatu.

Solange alipolichukua gari alinikumbatia. Dokta akaingiza vidole, akavuta, akaachia, akaniinamia kama mimi ndiye daktari. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Aziza aolewe.

Siku sita baadaye, Ijumaa, baada tu ya swala, akaja Wambua. Wambua ni Mkenya, fundi wa umeme wa magari, karakana yake iko kule kwenye viwanda. Alileta kiti cha pikapu yake kilichotoboka. Wakati napima nikaanza kujisifu, maana mdomo nao una siku zake. Nikamweleza ngozi nyekundu, mistari mitatu, nikamweleza na ule waya wa njano wa kupasha makalio. Nikangoja acheke.

Hakucheka.

"Mama," akasema, "huo waya ulikuwa unaingia wapi?"

"Ubavuni. Kwenye kitu kama mkate."

"Na juu ya huo mkate umeshona nini?"

"Ngozi. Mistari mitatu."

Akavuta stuli akakaa. Akanieleza polepole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. Waya wa njano kwenye gari si wa joto. Ule mkate ni mfuko wa hewa. Mimi nilijua mifuko ya hewa, lakini niliijua ya usukani. Kumbe na ubavu wa kiti unao. Gari likigongwa mlangoni, mfuko unatoka kwa kufumba na kufumbua, unapasua mshono wa kiti, unakaa kati ya mtu na mlango. Ule mshono mnyonge wa kiwandani haukuwa uvivu wa mtu. Umetengenezwa ukatike.

"Na ukishonwa usikatike?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Basi mfuko haujui pa kutokea, mama. Na aliyekaa hapo hana kitu."

Nitawaambia ukweli, maana kumbukumbu za kujipamba hazimsaidii kijana. Niliogopa, na kitu cha kwanza nilichokiogopa hakikuwa ajali. Niliogopa aibu. Nilisikia sauti ya Mzee Rajabu, lakini safari hii kinyume, na sikujua hata angepazaje. Nikawaza, gari ni jipya, Solange anaendesha vizuri, nani atajua? Nimwite wiki ijayo, niseme nataka kurekebisha pindo. Wazo hilo lilikaa kichwani mwangu muda wa kukunja futi ya kupimia. Kisha nikaona ule mkono wa Solange umenikumbatia, nikapiga simu.

Haikupokelewa. Nikampigia Dokta. Akapokea kwa furaha, nyuma yake kelele za masufuria.

"Mama Aziza! Tunafunga mizigo. Saa tisa tunaenda Rubavu, kuna kumwita mtoto jina kwa bashemeji. Gari imejaa mpaka huku!"

Nikamwambia, "Dokta, msiondoke." Simu ikakata. Salio langu, si lake.

Ilikuwa saa nane kasoro. Nikachukua nyembe zangu, nikarukia pikipiki ya moto. Kutoka Kimironko mpaka Rebero ni mbali, vijana, na ni mbali zaidi ukiwa na kofia ngumu ya mtu mwingine inayokuangukia machoni.

"Maama, nikimbie?" dereva akauliza.

"Kimbia. Ila tufike."

"Sasa hiyo ni mbili tofauti," akasema, akaenda mwendo wa kati, na nilimheshimu kwa hilo.

Nilipofika uani kwa Dokta, shangingi lilikuwa limefunguliwa milango yote. Ndani yake kulikuwa na vikapu virefu vyenye vifuniko vya ncha, vile vya zawadi, kreti za soda, mkeka, magunia ya viazi kama Rubavu hakuna viazi. Na Dokta, Mungu amweke, alikuwa amesimama na jirani yake kwenye mlango wa dereva, vidole viwili ndani ya mshono wangu, anavuta kwa nguvu zote.

"Unaona? Haiwezi katika! Vuta na wewe!"

"Dokta," nikasema huku natweta, "hilo ndilo tatizo."

Nikamwita Solange. Nikawaambia palepale, mbele ya jirani, mbele ya vikapu. Nikasema nimeshona mahali pasipotakiwa kushonwa, kwa kuwa sikujua na sikuuliza, na mtu akigongwa ubavuni kiti hiki hakitamsaidia. Sikuweka "labda" wala "kwa bahati mbaya." Uso wa Solange ulibadilika, nikaona anahesabu safari zote za siku sita zile.

"Mi ndo nakaa hapa, Maama," akasema kwa sauti ndogo. "Kila siku. Mi."

"Najua, mwanangu."

"Ungeuliza tu. Yani kuuliza tu!"

"Yego, kweli. Ningeuliza."

Hakunifokea zaidi ya hapo, na ningependa angefoka. Nikatoa wembe nikakata ule mshono, na wa kiti cha pili cha mbele vilevile, mistari yote mitatu, juu mpaka chini. Ulikuwa mgumu kweli, wembe wa kwanza ulikatika. Dokta aligeuka akatazama bustani. Wambua alikuwa ameniagiza gari lisisogee mpaka alikague yeye, kwa hiyo nikasema na hilo pia, na safari ya Rubavu ikabaki imesimama uani na vikapu vyake.

Ndipo Dokta akasema, "Basi twende na yangu."

Solange akalitazama lile gari jekundu, akatazama mizigo, na pale pale akaanza kucheka, kicheko cha hasira kwanza, kisha kicheko chenyewe. Viazi na kreti vikapelekwa kwenye basi. Vikapu vilikataa basi, maana zawadi ya mtoto haitumwi kama kifurushi. Wakaondoka hivyo, baba na binti wamezama chini, vikapu viwili mapajani mwa Solange, ncha ya kimoja imetoka dirishani. Kwenye tuta la kwanza nikamwona Dokta anapanda upande upande.

Najua mnachotaka kusema. Gari la spoti halina mfuko wa hewa hata mmoja, sasa usalama uko wapi? Ni kweli, halina. Lakini Dokta anajua halina. Analiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Shangingi limemwahidi mtu kumlinda, na mtu anaendesha kwa kuiamini ile ahadi. Mimi ndiye niliyeishona mdomo ile ahadi bila kumwambia.

Jumatatu Wambua akaja. Alitenganisha betri kwanza, tukasubiri, na ninyi msiguse kiti chenye waya wa njano kabla ya hapo, hata mteja akiwaharakisha vipi. Alileta uzi uliotakiwa, mwembamba kama wa kushonea shela, akanionyesha umbali kati ya tundu na tundu. Tukashona vipande vya majaribio kwa ngozi ileile. Vya kwanza vitatu vilikataa kukatika. Mkono wangu ulikuwa unaiba, unarudia mwanzoni bila mimi kuutuma.

"Mama, unashona vizuri sana," Wambua akalalamika. "Punguza."

Cha nne kilikatika mkononi mwake. Nikafurahi na nikaona aibu kwa pamoja. Ndipo nikashona ubavu wa kiti cha Solange na wa kile cha pembeni yake, mstari mmoja mnyonge, na mingine yote ya kiti ile ya kwetu ya Biryogo. Solange alikuja kulichukua gari, akashukuru kwa heshima, hakunikumbatia. Sikumlaumu. Tangu hapo sikufungua kiti kipya bila Wambua kukaa kwenye ile stuli, nami namkaangia mandazi ya kumtuliza.

Mvua zikapita, kiangazi kikapita. Asubuhi moja nasikia ule mlio wa gari jekundu pale nje. Dokta akajinyanyua kutoka humo, kazi ya dakika nzima, akiwa na bahasha kubwa ya karatasi. Hakunisalimu. Alikuja mpaka mezani, akaiweka.

"Mama Aziza," akasema, "mshono wako umekatika."

Vijana wangu, miaka yote ile, na bado moyo ulinishuka kama niko Biryogo na mtoto mgongoni. Nilifungua mdomo kuomba radhi. Ndipo nikamwona macho yamejaa maji, nikaifungua bahasha. Ilikuwa ngozi nyekundu ya ubavu wa kiti, imepasuka mstari mmoja, juu mpaka chini, safi kama mtu aliyefungua zipu.

"Solange?" nikauliza.

"Iko nyumbani. Pikapu moja ilikosa breki kwa mteremko wa Kibagabaga, ikamwingia mlangoni. Hospitali wamemwangalia, wamemrudisha. Iko na alama hapa kwa mkono." Akavuta pumzi. "Sasa hivi anakula parachichi, anasema mimi sijaweka chumvi."

Nilikaa chini. Kisha nikasimama, nikatoka mpaka mlangoni, na mbele ya washonaji wote wa Kimironko, wa magauni na wa suruali, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Jamani! Mshono wa Mariamu umekatika!"

Ndicho kile kipande kilichotundikwa juu ya cherehani yenu. Nasikia mmoja wenu alitaka kukiziba ili karakana ipendeze. Asikiguse.